Ukuta Usio na Paa

Leo nataka kusema nanyi habari ya jambo ambalo wengi wenu mwaliona kila siku mpitapo njiani, nazo ni kuta za darasa zilizosimama hata usawa wa lenta, kisha zikaachwa. Huku Tanzania Bara watu huliita boma.

Desturi ya kazi hii ni njema. Wanakijiji huchimba msingi, husomba mchanga na maji, hufyatua matofali, huinua kuta. Kisha halmashauri ya wilaya huleta mbao, mabati na saruji ya kumalizia. Mashaka huanza hapo katikati, kazi itokapo mkono mmoja kuingia mkono wa pili. Halmashauri ina mwaka wake wa fedha, uanzao Julai 1 na kwisha Juni 30. Kijiji nacho kina mwaka wake, nao ni wa mvua na jembe. Watu wakimaliza kuta mwezi wa Septemba, na darasa lao halikuandikwa katika makisio ya mwaka ule, hawana budi kungoja Julai ijayo. Kabla ya Julai, masika huja, na mvua hazisomi makisio. Tofali bichi humomonyoka. Hata la kuchoma huharibika, maana ukuta usiofunikwa hunywa maji toka juu.

Wala si madarasa tu. Daraja la Mkapa, lipitalo juu ya mto Rufiji, lilifunguliwa mwaka 2003, nalo urefu wake ni karibu kilomita moja. Walakini njia ya kilomita 60, toka Ndundu hata Somanga, ilikaa miaka mingi baadaye bila lami, na wakati wa masika magari ya Lindi na Mtwara yalikwama topeni.

Lakini hasara iliyo kubwa si ya matofali. Katika kijiji kimoja nilikopata kufundisha, mbiu ya kazi mpya ilipigwa. Mzee mmoja, aliyesomba mchanga siku nyingi kwa kazi ya kwanza, hakutoka nyumbani. Nilipomwendea aliniambia, “Mwalimu, mjukuu wangu ameanza shule na kuimaliza chini ya mwembe, na ukuta wangu ungalipo.” Sikuwa na la kumjibu.

Basi yatupasa nini? Kwanza, kabla ya kuchimba msingi, kijiji kipate kwa maandishi ahadi ya paa, na mwaka wake. Pili, mkutano mkuu wa kijiji, upaswao kwa sheria kukutana kila miezi mitatu, usomewe mapato na matumizi, tena vitu vihesabiwe mbele ya watu. Tatu, afadhali darasa moja lenye paa kuliko matatu yenye kuta tupu.

Ulizeni kwa adabu, ndugu zangu, lakini msiache kuuliza. Kwaherini.