Jiliwa: Mkono wa Tatu wa Fundi

Jioni hii nataka kuzungumza nanyi juu ya chombo kiitwacho jiliwa, ambacho wengine hukiita vaisi: yaani kile chuma chenye mataya mawili na parafujo nene, kifungwacho juu ya meza ya fundi ili kuishika kazi isicheze.

Mtu atakaye kutengeneza baiskeli, majembe na makufuli nyumbani kwake hununua kwanza nyundo, tupa na msumeno. Jiliwa huliacha mwisho kwa sababu ya bei yake. Kazi yake huishika kwa mguu, au humwita mtoto amshikie. Hapo ndipo watu waumiapo. Keekee ikikwama katika kipande cha bati, bati lile huzunguka pamoja nayo kama upanga, na vidole vya yule ashikaye vi karibu. Kwa hiyo mimi ningesema jiliwa linunuliwe mapema, hata kabla ya hiyo keekee.

Dukani utayaona ya namna nyingi. Yako ya seremala, yenye mataya mapana ya kuvikwa mbao, yafungwayo ubavuni mwa meza. Hayo si ya kazi ya chuma. Kwa kazi za nyumbani, jiliwa lenye mataya ya upana wa inchi 4, yaani karibu milimita 100, latosha. Wala usivutwe na rangi, maana rangi nzito huficha mashimo ya chuma kilichotoka vibaya katika kalibu. Yafungue mataya nusu, ulishike lile liendalo, ulitikise juu na chini, kisha kando. Likicheza kidogo si neno. Likipwaya kama jino la mzee, mrudishie mwenyewe. Kisha yafunge pole pole mbele ya mwanga, uone kama yakutana sawasawa toka upande mmoja hata wa pili. Uliza pia kama ni chuma cha pua au cha kusubu. Cha kusubu hushika vizuri, lakini kikipigwa sana hakipindi, hupasuka, na kukiunga ni taabu kubwa. Jiliwa kuukuu lililotunzwa laweza kulishinda jipya la bei rahisi. Itazame tu nati iliyo ndani, kwa kuwa meno yake yakilika, taya huteleza nyuma kila ukazapo.

Nyumbani, lifunge juu ya meza nzito, karibu na mguu wake, kwa bolti zipitazo mbao mpaka chini. Misumari haifai kabisa. Ukisimama wima na kukunja mkono, kiwiko chako kiwe sawa na juu ya mataya. Na lile taya lisiloenda litokeze kidogo nje ya ukingo wa meza, ili chuma kirefu kipate kusimama wima mpaka sakafuni. Wengi hawaliangalii jambo hili, kisha hutoboa meza mara ya pili.

Kishikio chake kilifanywa kifupi kwa makusudi. Kukiongezea bomba, au kukigonga kwa nyundo, ni kuiharibu parafujo. Weka kazi katikati ya mataya; ikikubidi kuiweka upande mmoja, tia kipande cha unene ule ule upande wa pili, mataya yasipotoke. Unapopiga tupa, kazi isitokeze juu sana, la sivyo itatetemeka na kulia. Kitu laini kama shaba kikinge kwa vipande viwili vya mbao, meno ya mataya yasikitie alama.

Tena jiliwa si fuawe. Mafundi wa Kamukunji, mjini Nairobi, hufulia bati juu ya vipande vya reli. Nawe tafuta kipande kama hicho. Ikikulazimu kukunja chuma ndani ya jiliwa, piga kuelekea taya lisiloenda, kwa sababu lile jingine lategemea parafujo peke yake.

Jioni, ziondoe chembe za chuma kwa brashi, si kwa kiganja. Tia tone la mafuta katika parafujo, uyaache mataya yamekaribiana bila kukazana, na kishikio kining'inie wima, watoto wasijigonge wapitapo gizani.