Mvuke wa Olkaria na Usalama wa Taifa

Mwaka 2000 ukame ulipunguza maji ya mabwawa ya Mto Tana, na nchi jirani ya Kenya ikaingia katika mgao mkali wa umeme. Lakini huko Olkaria, karibu na Naivasha, mitambo iliyoanza kazi mwaka 1981 haikungoja mvua. Iliendelea kuendeshwa na mvuke utokao katika visima virefu vilivyochimbwa ardhini.

Kenya ilipata funzo. Hivi leo karibu nusu ya umeme wake hutokana na joto la ardhi, ambalo halihitaji mafuta ya kununuliwa ng'ambo.

Hata hivyo, mwaka 2014 familia za Wamaasai zilihamishwa ili kupisha upanuzi wa Olkaria, na malalamiko yao yakafika Benki ya Dunia.

Ndugu wasikilizaji, Bonde la Ufa halikomei Namanga. Lafika hadi Mbeya. Simu ya upepo, hospitali ya kambi na taa za kituo cha polisi vyote vyahitaji umeme. Taifa linalotegemea mawingu peke yake halijajilinda. Mvuke na uchimbwe, lakini mwenye ardhi asikilizwe kwanza. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.