Pesa za Shule Zina Wenyewe

(Mazungumzo na wazazi, walimu na wajumbe wa bodi za shule katika semina ya Haki na Amani)



Tunawashukuru kwa kuja, hasa ninyi akina mama mlioacha shamba na soko siku ya Jumamosi. Leo hatukuja kumtukana mtu. Tumekuja kuhesabu.

Tuanze na kisa kimoja. Muhula uliopita, sisi tunaotembelea familia tulimkuta msichana wa sekondari ya kutwa akiuza sukumawiki kando ya barabara, saa nne asubuhi, siku ya shule. Alikuwa ametumwa nyumbani. Mama yake alidaiwa pesa za "maendeleo", na hata zile alizokwisha kulipa hakupewa risiti. Tulipofika shuleni, mwalimu mkuu alitufungulia daftari, akasema: "Sasa mimi nifanye nini? Pesa za Serikali zimechelewa, na mwenye mahindi na maharagwe ananingoja pale getini." Shule hiyo hatuitaji. Zipo nyingi kama hiyo.

Je, nani ana makosa? Mama ana haki ya kulia. Mwalimu naye amebanwa. Lakini wakilaumiana wao wawili tu, anayepaswa kujibu hayupo pale, na mtoto hasomi.

Wazee wetu hapa wanakumbuka. Mwaka 1974 Serikali iliondoa karo kwa darasa la kwanza hadi la nne, lakini punde si punde wazazi wakaletewa michango ya ujenzi. Karo ilitoka kwa mlango, ikarudi kwa dirisha. Januari 2003 elimu ya msingi ikatangazwa bure tena. Watoto wakafurika: kutoka kama milioni 5.9 mwaka 2002 hadi kama milioni 7.2 mwaka 2003. Serikali iliahidi shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka. Miaka ishirini baadaye, mwaka 2023, kiwango kilikuwa 1,420. Hebu gawanyeni kwa siku 365. Haifiki shilingi 4 kwa siku! Na bei za dukani kila mmoja wetu anazijua.

Kwa sekondari, mpango wa masomo bila karo ulianza mwaka 2008, na kuanzia 2018 kiwango kikawa shilingi 22,244 kwa mwanafunzi. Lakini mwezi wa Julai 2025 Waziri wa Hazina, Bwana John Mbadi, aliwaambia wabunge kwamba kinachopatikana ni kama shilingi 16,900. Pengo ni shilingi 5,344 kwa kila mmoja. Shule yenye wanafunzi 300 inakosa zaidi ya shilingi milioni 1.6 kwa mwaka. Pengo hilo halibaki hewani, ndugu zangu. Linashuka kwa mwalimu mkuu, naye analishusha kwa mzazi, na mzazi hana wa kumshushia ila mtoto.

Tena kuna suala la kuchelewa. Utaratibu ni asilimia 50 muhula wa kwanza, 30 wa pili na 20 wa tatu. Zikichelewa, shule inakopa, na deni la duka haliwezi kungoja Nairobi.

Tuseme pia juu ya haki. Pesa zimekuwa zikifuata hesabu ya watoto katika mtambo wa NEMIS, ambao ulidai namba ya cheti cha kuzaliwa. Mtoto yatima anayelelewa na nyanya yake, bila cheti, anakaa darasani na wenzake, lakini katika hesabu hayupo. Maskini kabisa ndiye anayekosa. Hiyo si haki.

Lakini tukidai Serikali ilete zaidi, ni lazima tuulize pia zilizoletwa zimekwenda wapi. Mwaka 2009 iligunduliwa kwamba pesa za elimu ya msingi bila malipo zilikuwa zimepotea Wizarani. Uingereza ikasimamisha msaada wake, na Januari 2010 Marekani ikafuata. Aliyeumia ni mtoto ambaye hakuiba hata peni. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Sheria inasemaje? Katiba, Ibara ya 53, inampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 29, inasema shule ya umma haitatoza karo ya masomo. Malipo mengine yanahitaji kibali cha Waziri, mtoto asinyimwe masomo kwa kukosa kuyalipa, na hakuna pesa za kupokewa bila risiti rasmi.

Sheria hiyo hiyo inaweka wazazi sita katika bodi ya shule, na wawakilishi watatu wa mfadhili. Katika shule nyingi za eneo letu mfadhili ni nani? Ni Kanisa! Basi tujikosoe sisi kwanza. Wawakilishi wetu wangapi hutia sahihi bajeti bila kuisoma, wakanywa chai, wakaenda nyumbani? Tusiwaombe wengine wawajibike kama sisi wenyewe tumelala.

Tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, kila muhula bodi ibandike ukutani karatasi moja: pesa zilizotoka Serikalini, tarehe zilipofika, zilizotolewa na wazazi, na matumizi.

Pili, asilipe mtu bila risiti. Ukinyimwa, andika tarehe na jina la aliyepokea.

Tatu, tuombe habari kwa maandishi. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaruhusu barua ya Kiswahili, na ofisi ya umma inapaswa kujibu katika siku 21. Wasipojibu, tunakwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Nne, tujue mlango wa kubisha. Kaunti inashughulikia chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Msingi na sekondari ni kazi ya Serikali ya Kitaifa. Bajeti inapojadiliwa, tumwendee mbunge wetu wakati huo, si wakati wa harambee tu.

Najua mama mmoja hapo nyuma anawaza: "Nikiuliza, mtoto wangu atachukiwa." Ni kweli, hofu hiyo ipo. Ndiyo sababu asiende mtu peke yake. Barua iandikwe na chama cha wazazi, sahihi ziwe nyingi. Na mwalimu mkuu mwaminifu hatatuogopa. Atafurahi kupata watu wa kusimama naye mbele ya Wizara.

Yule msichana amerudi darasani. Tulikwenda na mama yake na nakala ya kile kifungu cha 29, tukaongea kwa heshima, tukasikilizwa. Lakini alikuwa amepoteza wiki tatu za masomo, na wiki hizo hakuna Waziri awezaye kumrudishia. Tusingoje wa pili.