Kwa Nini Tuliogopa Sindano



Walimu tumeombwa tuseme, hapa Kigali, juu ya chanjo ya Korona. Tukiri kwanza: hata sisi tuliogopa.

Chanjo zilifika Kigali Machi 2021, na wakimbizi tukahesabiwa pamoja na wenyeji. Mwezi uleule Kongo, walikobaki ndugu zetu, ilipokea dozi milioni 1.7 za AstraZeneca ikaziweka kando, maana nchi kadhaa za Ulaya zilikuwa zimeisimamisha kwa habari za damu kuganda. Kongo ilianza kuchanja Aprili 19, na dozi milioni 1.3 zikarudishwa zipelekwe kwingine kabla hazijaharibika. Simu zikalia usiku: "Msikubali, huku wameikataa!" Nani angemsadiki mgeni mwenye kipaza sauti kuliko dada yake?

Tena mkimbizi huogopa orodha. Tumeandikwa mara nyingi, na si kila mara tulielezwa sababu. Wala si sisi peke yetu: Januari 2022 raia wa Rwanda walivuka Ziwa Kivu hadi kisiwa cha Idjwi wakikwepa chanjo.

Kwetu mama mmoja mjumbe wa afya alichanjwa mbele ya watu. Kesho yake alikaa mlangoni akionyesha mkono unaouma, hakuficha. Alisema damu kuganda hutokea kweli, ila ni nadra sana. Hapo watu wakaanza kupanga mstari.

Ndugu wa misaada, ikija chanjo nyingine, tunaomba mkutano kwanza, orodha baadaye.