Redio Ghalani na Sauti ya Mizani



Muziki laini kazini si jambo geni. Mwaka 1940, wakati wa vita, redio ya BBC ilianza kuwapigia muziki wafanyakazi wa viwanda vya Uingereza ili kazi ya namna moja kutwa isiwachoshe. Basi wanaochambua kahawa Mbozi na wanaopanga magunia ya mahindi Tunduma nao wanastahili kuburudishwa.

Lakini mkulima afikishapo mzigo wake kwenye mizani, redio na izimwe. Kilo zisomwe kwa sauti, naye azisikie kabla hazijaandikwa katika stakabadhi. Wimbo uliokatizwa utapigwa tena kesho. Kilo isiyosikika huzaa manung'uniko, na manung'uniko huua chama.