Kombaini Kuukuu na Meno ya Sproketi

Leo tunazungumza na ninyi wenye kombaini kuukuu, zile zinazovuna ngano Basotu na Narok huku zikilia kama mlango uliokosa mafuta.

Tuanze na cheni. Zima injini, chomoa ufunguo, kisha subiri. Ngoma ya kupuria huendelea kuzunguka hata injini ikishanyamaza. Sasa tazama meno ya sproketi. Yakiwa yamelika upande mmoja hadi kupinda kama ndoana, hayo yamekwisha. Mafundi wengi hufunga cheni mpya juu ya meno hayohayo, na cheni hiyo huliwa upesi. Badilisha vyote kwa pamoja. Kukata pingili moja ili cheni ikaze? Hiyo ni dawa ya kukufikisha jioni tu.

Sasa tuje kwenye mikanda. Mkanda ulio mzima hubana kuta za puli. Ukiona sakafu ya mfereji wa puli inang'aa, ujue mkanda umelika, umezama, na sasa unateleza. Harufu ya mpira ulioungua itakuthibitishia.

Lakini mimi ninachokiogopa zaidi ni beringi. Ikifa hupata joto kali, na pale pamejaa makapi makavu: kombaini huungua hivyohivyo. Kila jioni ondoa mabua yaliyojisokota kwenye shafti, maana ndiyo yanayokata sili ya beringi na kumwaga grisi.

Kagueni sasa, mashine ikiwa bado bandani. Msingoje siku ngano imekauka na mawingu yanakusanyika.