Jenerali Aliyeondoka Djibouti na Watu Wachache

Nawasalimu mliobaki Kirumba, Kivu Kaskazini, na ninyi mliopanda barabara ya Lubero na magodoro kichwani mwishoni mwa Juni 2024, waasi wa M23 walipouteka mji. Kila mazungumzo ya amani yakianza, wakubwa wenye bunduki huwa na swali lao la kwanza: tutapewa vyeo gani? Kuhusu swali hilo, leo nawaletea habari za Mfaransa mmoja, Jenerali Paul Legentilhomme, halafu tutarudi nyumbani.

Alizaliwa Valognes, Normandie, mwaka 1884, akasomea uafisa Saint-Cyr. Vita vya Kwanza vya Dunia havikumpa sifa yoyote. Agosti 1914, vita havijamaliza hata mwezi, Wajerumani walimkamata huko Neufchâteau, Ubelgiji, na akabaki mfungwa mpaka mwisho. Wenzake walirudi na medali, yeye akarudi na miaka minne ya kambi. Mwaka 1939 tunamkuta Djibouti, akiongoza majeshi ya koloni lile dogo la Wafaransa.

Juni 1940 Ufaransa ikashindwa, na Marshal Pétain akaomba vita visimame. Djibouti ilikuwa imebanwa: Waitaliano walishika Ethiopia, Eritrea na Somalia ya kusini, na Waingereza wa Berbera walikuwa wamepanga ulinzi wao wakimtegemea jenerali huyu huyu. Serikali yake ikamwamuru aache vita. Akakataa. Kwa majuma kadhaa alivutana na wakubwa wa koloni, hadi serikali ya Pétain, iliyokaa Vichy, ikamtuma jenerali mwingine, Germain, kushika nafasi yake. Maafisa wengi hawakumfuata Legentilhomme. Mwanzoni mwa Agosti alivuka mpaka kwenda kwa Waingereza na watu wachache tu. Siku hizo hizo Waitaliano wakaivamia Somalia ya Waingereza, na kabla Agosti haijaisha Berbera ilikuwa mikononi mwao.

Hapo mtu ataniambia: mwasi ni mwasi, umsifie wa nini? Tuangalie alichoondoka nacho. Hakuchukua kikosi kizima, hakujikatia kipande cha nchi akaweka vizuizi na kutoza watu kodi. Alikwenda kuendelea na vita vile vile, dhidi ya adui yule yule, na Vichy ikamhukumu kifo akiwa hayupo. Mwaka 1941 alijeruhiwa kwenye njia ya Damascus. Kisha de Gaulle, kiongozi wa Wafaransa waliokataa kuacha vita, alimpa uongozi wa Madagaska, kisiwa ambacho Waingereza walikuwa wamekitwaa kutoka kwa Vichy, wakiwemo askari wa King's African Rifles kutoka Kenya, Nyasaland na Tanganyika. Baada ya vita akawa gavana wa kijeshi wa Paris. Alifariki 1975, mzee wa miaka 91.

Sasa kwetu. Mwaka huo huo wa 1941, askari wa Force Publique, jeshi la koloni la Wabelgiji, walitoka Kongo hii, wakapita Sudan, wakaingia Ethiopia. Tarehe 3 Julai, huko Saio, Jenerali Gazzera wa Italia alijisalimisha kwao pamoja na majenerali wenzake. Aliyepokea kujisalimisha huko ni mkubwa wao Mbelgiji, Gilliaert. Mkongomani angeweza kupigana hadi nywele ziwe nyeupe, uafisa haukuwa wake. Julai 1960, siku chache baada ya uhuru, Jenerali Janssens, mkuu Mbelgiji wa Force Publique, aliwaandikia askari ubaoni kwamba baada ya uhuru ni sawa na kabla ya uhuru. Wakaasi. Katika siku chache tu Victor Lundula, mkongwe wa Vita vya Pili aliyekuwa ameshatoka jeshini na sasa meya (bourgmestre) huko Jadotville, Likasi ya leo, akawa jenerali na mkuu wa jeshi. Mobutu akawa kanali.

Madai ya askari wale yalikuwa ya haki, mimi siwalaumu. Lakini jeshi letu changa lilijifunza mapema mno kwamba cheo kinaletwa na uasi, na tangu hapo limelirudia somo hilo. Machi 23, 2009, waasi wa CNDP walitia saini mkataba wa amani Goma, wapiganaji wao wakaingizwa jeshi la taifa, FARDC. Mwaka 2012 baadhi yao wakaasi tena, na tarehe ya mkataba ule ikawa jina la kundi lao, M23.

Kuna watu ambao mara nyingi husahaulika katika habari za Legentilhomme: raia wa Djibouti. Alipoondoka, Waingereza waliifunga bandari, na njaa ikaingia mjini. Chakula kidogo kilipenya kwa majahazi kutoka Yemen. Hali iliendelea hivyo mpaka Desemba 1942, koloni lilipojiunga na de Gaulle. Majenerali wote wawili, aliyekataa na aliyetii, walikuwa na mahali pa kula. Kwa hiyo mkataba mwingine ukisomwa redioni, mimi nitaanza na kurasa zinazowataja wenye mashamba ya Kirumba. Orodha ya makanali itasubiri.